Waliopima Wenyewe

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, kiwanda na nyumba za watu vilitenganishwa na ukuta tu. Ndani ya ukuta, betri kuukuu za magari zilipasuliwa na kuyeyushwa ili kutoa madini ya risasi. Nje yake waliishi watu wapatao 3,000 katika nyumba za udongo na mabati. Kazi ilianza mwaka 2007. Moshi wa kiwanda ulitua juu ya mapaa, na mvua iliponyesha, maji yaliyokingwa kutoka mapaa hayo hayo ndiyo yaliyojaza ndoo. Maji machafu ya kiwanda nayo yalitiririka mtaroni katikati ya makazi, watoto wakicheza kandokando.

Wakazi hawakungoja mtaalamu awaambie kwamba mambo si shwari. Macho yaliwasha, vifua vilibana, kikohozi hakikuisha, kuku walikufa. Vibarua wa kiwandani, ambao baadhi yao walitoka mtaani humo humo, walirudi jioni na vumbi la kazi kwenye nguo, wakawapakata watoto wao. Walijua kuna jambo. Lakini kujua kwao kulichukuliwa kuwa manung'uniko ya watu wa mabanda, na manung'uniko hayafungi kiwanda.

Kilichobadilisha mwendo wa mambo ni tarakimu. Na tarakimu hizo hazikuletwa na ofisi yenye dhamana ya kulinda mazingira. Zilianza kutafutwa na mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa.

Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009 kushughulikia uhusiano kati ya kampuni na jamii. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ilipoonyesha kwamba shughuli ile ilikuwa hatari kwa majirani, alishauri kiwanda kihamishwe, naye akaondolewa kwenye jukumu hilo. Muda si mrefu mtoto wake mchanga akaanza kuugua. Alitibiwa maradhi ambayo hospitali zetu huyafikiria kwanza mtoto anapopata homa, malaria na homa ya matumbo, lakini hakupata nafuu. Hatimaye damu yake ikapimwa madini ya risasi. Yalikuwemo, na mtoto alikuwa ameyapata kupitia maziwa ya mama yake.

Wazazi wengi wangeishia hapo: wahame, wamtibu mtoto, washukuru Mungu. Omido aliacha kazi, kisha akachukua hatua ambayo ndiyo kiini cha sura hii. Alitaka watoto wengine wa mtaani wapimwe. Ugonjwa wa mtoto mmoja unaweza kuitwa bahati mbaya. Watoto kadhaa wa mtaa mmoja wakikutwa na sumu ile ile katika damu, na jirani yao anayeyeyusha madini hayo hayo akiwa hatua chache tu, bahati haitajwi tena. Majibu yalithibitisha hofu yake. Kutokana nayo akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira, yakafuata barua, mikutano na maandamano. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa, baadaye akaachiliwa na mahakama. Alivamiwa pia na watu wenye silaha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Madini ya risasi hudhuru kimyakimya, na ndiyo maana macho na pua peke yake havitoshi kuyafuatilia. Mwili huyapokea kana kwamba ni kalsiamu na kuyahifadhi mifupani, ambako hukaa kwa miongo. Mwanamke anapopata mimba, madini hayo hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile kinachoingia tumboni, tena ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyeathirika anaweza kuonekana mzima kabisa, ila shuleni hashiki masomo na nyumbani hatulii. Mwalimu atamwita mzembe. Mzazi atamchapa.

Baada ya kiwanda kufungwa, watafiti walifanya jambo rahisi lenye uzito mkubwa. Walipima damu ya watoto na udongo wa Owino Uhuru, kisha wakapima vivyo hivyo katika mtaa mwingine wa mabanda wa Mombasa uitwao Bangladesh. Wastani wa madini ya risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita. Bangladesh ulikuwa 3.7. Kwenye udongo tofauti ilikuwa kubwa zaidi: miligramu 146.5 kwa kila kilo ya udongo upande wa Owino Uhuru, dhidi ya 11.5 upande wa pili.

Inafaa kuutafakari ulinganisho huo, kwa sababu unajibu hoja ambayo wakazi wa mitaa ya mabanda huisikia kila wanapolalamika: kwamba matatizo yao ni ya umaskini tu, kwamba kila mtaa wa aina hiyo una taka, mitaro na maradhi. Bangladesh nako kuna umaskini. Kuna mabati na mitaro, na watoto huchezea chini vilevile. Kwa hiyo umaskini pekee hauwezi kueleza kwa nini udongo wa mtaa mmoja una madini hayo mara kumi na zaidi ya mwingine. Yeyote anayetaka kupima uchafuzi katika mtaa wake anapaswa kulibeba funzo hilo: pima kwako, kisha pima mahali panapofanana na kwako pasipo na kile unachokishuku.

Safari ya mahakamani ilikuwa ndefu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwafungulia wakazi mlango mpana. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshapata hasara au kuumia. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Iliamuru pia eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kulisafisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Katika hukumu ya 2020 kuna kipengele ambacho hakikuvuta macho ya watu kama mabilioni yale. Mahakama iligawa lawama kwa asilimia, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, halikuangukia kampuni iliyoyeyusha betri. Liliangukia NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Kwa maneno mengine, aliyepewa kazi ya kupima na asipime alibeba mzigo mzito kuliko aliyechafua.

Kuna mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kupima mapema. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya jiji la Dakar nchini Senegal, watu waliishi kwa kukusanya na kuchakata betri za magari nje ya nyumba zao, kisha wakaanza kuchekecha mchanga uliojaa mabaki ya risasi ili wauze. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Uchunguzi wa kina ulikuja baada ya mazishi.

Hata hivyo, tarakimu peke yake haihamishi kitu. Mfano upo Nairobi. Jaa la Dandora, linalopokea taka za jiji tangu miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya utafiti uliowapima watoto na vijana 328 wanaoishi jirani na jaa hilo, wakiwemo wa Korogocho. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kikomo kilichokubalika wakati huo. Taarifa ilikuwa nzito na ilienea duniani. Malori bado yanamwaga taka Dandora. Utafiti ulikuwa mzuri na waliouendesha walifanya kazi ya heshima. Kilichokosekana ni nguvu ya kuyageuza majibu kuwa deni ambalo mtu fulani, mwenye jina na cheo, analazimika kulilipa. Owino Uhuru walipata majibu, wakayapeleka mahakamani, wakarudi tena na tena.

Huko Mukuru, kusini-mashariki mwa Nairobi, swali la nani awajibishwe ni gumu zaidi. Hapa hakuna bomba moja la kunyooshea kidole. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zimebanana na Eneo la Viwanda, kukiwa na Mto Ngong, nyaya za umeme mkubwa, reli na bomba la mafuta. Hatari ya kuishi mahali hapo ilidhihirika Septemba 12, 2011, katika mtaa wa Sinai. Petroli ilivuja kutoka bomba hilo ikaingia mtaroni, watu wakakimbilia kuichota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Hiyo ni hatari inayoonekana na kukumbukwa. Ile ya kila siku imo hewani: moshi wa viwanda, vumbi la barabara ambazo hazijatiwa lami, taka zinazochomwa kwa sababu hakuna lori la kuzizoa, majiko ya makaa, mafuta ya taa, dizeli ya malori.

Watafiti waliowahoji wakazi wa Korogocho na Viwandani miaka kumi na kitu iliyopita walikuta watu wanaojua fika kwamba hewa yao ni chafu, lakini wengi wakasema wameshazoea. Ni jibu la mtu ambaye hajaonyeshwa kwamba kuna kinachoweza kufanyika, na lisichukuliwe kuwa ridhaa.

Ndipo likaja wazo la kuwapa wakazi vifaa. Taasisi ya mazingira ya Stockholm, ikishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza mwaka 1996, iliwafunza wakazi sita wa Mukuru kutumia vipimo vidogo vya vumbi laini hewani. Kifaa kinawekwa begani kwenye mkoba pamoja na kifaa cha kunasa mahali, na mtu anaendelea na mizunguko yake mtaani. Anapita uchochoro wa kuelekea choo cha kulipia, kwa muuza chapati aliyewasha jiko la makaa, kwenye kinu cha kusaga unga, pembeni ya rundo la plastiki linalofuka, mpaka barabara ya malori. Kila dakika kifaa kinaandika kiwango cha vumbi. Jioni nambari zinawekwa kwenye ramani, na uchochoro ambao kila mtu anaupita unaonekana ukiwa umebadilika rangi.

Kifaa cha namna hii hufanya kazi kwa mwanga. Hewa inavutwa ndani, mwale wa leza unaikata, na kila chembe inayopita inatawanya mwanga kidogo, sawa na vumbi linavyong'aa asubuhi jua linapopenya tundu la bati. Mashine inahesabu mimweko hiyo na kukadiria uzito wa vumbi. Chembe zinazotafutwa ni zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wake wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Vipimo vya Mukuru vilivuka miongozo ya shirika hilo mara kwa mara.

Kifaa cha bei nafuu kina udhaifu wake, na anayelitetea suala hili hana budi kuusema kabla mpinzani hajausema. Asubuhi yenye ukungu, matone ya maji huhesabiwa kama vumbi. Vifaa viwili vya aina moja vinaweza kutoa majibu tofauti. Dawa yake ni kukiweka kifaa kwa siku kadhaa kando ya mashine kubwa iliyothibitishwa, kupata tofauti yao, kisha kusahihisha hesabu. Kazi hiyo inachosha, haipendezi kupigwa picha, lakini bila hiyo wakili wa kampuni atazivunja takwimu za mtaa kwa swali moja tu.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2015 kushughulikia tatizo hilo hilo kupitia mradi wa AirQo. Vipimo vyake vinatengenezwa Kampala kwa ajili ya mazingira ya miji yetu: joto, vumbi jingi, umeme unaokatika, mtandao wa simu usiotabirika. Baadhi vilifungwa kwenye boda boda, na leo vinatumika katika miji mingi ya Afrika. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya paa la ofisi Ulaya hakikutarajia siku nzima ya mtikisiko juu ya pikipiki.

Takwimu za Mukuru hazikuachwa ziishie kwenye ramani. Watafiti, wasanii na vijana wa mtaa walizigeuza kuwa maigizo, nyimbo na michoro ya ukutani, zikaoneshwa hadharani pale pale zilipochukuliwa. Baadhi ya wanasayansi hukiona kipande hiki kuwa pambo. Sivyo. Mama anayepika kwa makaa ndani ya chumba kimoja hatasoma jedwali, lakini akiona mchezo unaofanana na jikoni kwake atauliza swali, na swali lake mara nyingi ni zuri kuliko la mtafiti: nikifungua mlango, ule moshi wa nje je?

Mtandao wa watu ulikuwa tayari. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, hatua iliyotanguliwa na miaka ya wakazi kujihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba. Katika kupanga, zaidi ya kaya 100,000 ziliunganishwa kupitia vikundi vidogo vya kaya kama kumi, vilivyoitwa Tujuane Tujengane, kila kikundi na mwakilishi wake. Mazingira yalikuwa na timu yake ya wataalamu, kando ya zile za maji, afya, elimu na nyumba. Mtandao wa aina hii una faida mbili kwa mtu anayepima uchafuzi. Taarifa ya harufu ngeni mtaroni saa nane usiku inaweza kuwafikia watu mia kabla ya alfajiri, na matokeo ya kipimo yanaweza kurudi kwenye mlango ule ule yalikotoka.

Hapo kwenye kurudi ndipo miradi mingi huanguka. Vijana wanafunzwa, wanatembea na vifaa kwa miezi kadhaa, fedha za mradi zinakwisha, vifaa vinaondoka, na makala inachapishwa kwenye jarida ambalo hakuna mtaani anayeweza kulifungua. Nambari za pumzi zao zinakuwa mali ya watu wengine. Makubaliano kuhusu nani anamiliki takwimu, nani anaweza kuzitoa na lini, yanafaa kuandikwa kabla kifaa cha kwanza hakijawashwa.

Kuna pia hofu ambazo wageni hawazioni kwa haraka. Wengi Mukuru ni wapangaji, na ramani inayoonyesha eneo fulani kuwa la sumu inaweza kutumiwa na anayetaka kulivunja eneo hilo kwa kisingizio cha afya. Kiwanda kinachotoa moshi ndicho kinachotoa vibarua. Anayekipima anaweza kuwa anampima mwajiri wa kaka yake. Yaliyompata Omido yanaonyesha kwamba kupima kunaweza kuhatarisha maisha. Na vijana hao, mara nyingi wasio na ajira, wanafanya bure au kwa posho ndogo kazi ambayo maafisa wa serikali wanalipwa mshahara kuifanya. Hapa kauli ile ya asilimia 40 inapata uzito wake kamili. Mkazi anapopima, afisa hajaondolewa wajibu; kinyume chake, tangu siku anapokabidhiwa majibu, hawezi tena kusema hakujua.

Ndiyo maana kuandika kumbukumbu vizuri kunazidi umuhimu wa kifaa. Daftari la kawaida la shule linatosha kuanzia: tarehe, saa, mahali, upepo unavuma kutoka wapi, harufu au rangi gani, nani ameona, picha imepigwa na simu ya nani. Sampuli ya udongo inachotwa kwa kijiko safi kutoka juu ya ardhi pale watoto wanapocheza, inatiwa kwenye mfuko mpya, inaandikwa, na jina la kila aliyeishika mpaka maabara linaorodheshwa, ili asitokee wa kudai kwamba ilibadilishwa njiani. Mtu aliyemaliza darasa la nane anaifanya kazi hii vizuri kabisa akifunzwa kwa siku chache.

Na kabla ya kununua chochote, kipo kipimo ambacho tayari kimelipiwa. Sheria ya mazingira ya Kenya inataka mradi wenye madhara ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na kanuni za mwaka 2003 zinataka ukaguzi wa mazingira wa mara kwa mara baada ya hapo, ripoti ziwasilishwe NEMA. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Kikundi cha kaya kumi kinaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kuomba ripoti za kiwanda kilicho ng'ambo ya ukuta wao, kikataja kifungu, kikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ripoti zikija, watakuwa na cha kulinganisha na daftari lao. Zisipokuja, nakala ile yenye muhuri inaingia kwenye faili la kesi.